Kuogelea Juu ya Zulia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujifunza kuogelea juu ya zulia. La pili lilikuwa kujaza fomu ya mama bila kumuuliza mama. Kwa muda mrefu niliamini la kwanza ndilo kubwa, kwa sababu ndilo lililonitia aibu mbele ya watu.

Mwezi uliopita posta ilituletea bomba la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na ramani ya pwani ya Dalmatia huko Kroatia, ile iliyobandikwa ukutani jikoni kwa Mzee Ante, ikiwa bado na matundu ya pini kutoka kisiwa hadi kisiwa. Binti yake, Marija, alikuwa ameandika mistari miwili tu: baba amefariki usingizini, hakuteseka, na alisema ramani iende kwa Kapteni. Kapteni ni mimi. Niliisogeza puani kabla hata ya kuikunjua. Ilinukia vitunguu na mafuta ya zeituni, na kwa mbali ile sanitaiza iliyokuwa imekolea kwenye kila kitu miaka ile. Nikakaa chini sakafuni nayo.

Miaka ile tuliishi Fairfield, mtaa wa Sydney ulio mbali na bahari, mama, mdogo wangu Riziki na mimi, katika flati ya ghorofa ya pili yenye zulia la kijivu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa mtoto wa kuchana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, na nilipopata tisa kwa kumi nilificha daftari kana kwamba nimeiba. Hakuna aliyenifundisha kuwa hivyo. Labda ilitokana na kazi yangu, maana katika nyumba zetu sisi Wakongo, mtoto mkubwa ndiye karani. Mama alijua Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo, na Kiingereza chake cha kuongea kilitosha kazini, ila cha fomu hakikumkubali. Kwa hiyo tangu nilipojua kusoma, fomu za shule, za daktari, za nyumba na za bima nilijaza mimi, na mama aliweka sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole. Nilijua namba zake zote. Nilijua siku yake ya kuzaliwa ya kwenye makaratasi, Januari mosi, kama ya watu wazima wengi kanisani kwetu. Nilidhani mtu ambaye umemjazia fomu zote unamjua mzima.

Kisha ikaja ile lokdauni ndefu ya korona. Helikopta zilizunguka juu ya paa letu, na hatukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani. Nilichukua rula nikapima kwenye ramani ya simu: hakukuwa na bahari ndani ya kilomita zetu tano. Kwa akili yangu ya kitoto nikaona ni adhabu iliyopimwa makusudi, kwamba kuna mtu ofisini alichora duara letu akaangalia lisiguse maji.

Mama alikuwa na kibali cha kutoka kwa sababu alihudumia wazee majumbani. Kila baada ya siku tatu alipanga foleni ya kupimwa kwa kuchokolewa pua, akirudi macho yanamtoka machozi akisema, "Leo banafika mpaka kwenye ubongo." Mzee wake wa asubuhi alikuwa Mzee Ante, mitaa minne kutoka kwetu. Alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, na miguu ilikuwa imeanza kumwasi. Alikuwa amezaliwa kisiwani, kwenye pwani ile ya ramani, akaiacha akiwa kijana. Sasa alikuwa amekodi katamarani nzima, boti ya matumbo mawili, yeye na binti yake, juma zima kando ya pwani ya kwao: kulala humo humo, kutia nanga kwenye vighuba, kuogelea, kisha kumalizia kwenye ghuba iliyo chini ya nyumba ya mama yake. Mipaka ikafungwa. Safari ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, halafu ikafutwa. Pini zikabaki ukutani.

Saa ya chai mama alikuwa akitupigia kwa video kuhakikisha tuko kwenye masomo. Siku moja yule mzee akamwomba simu. Uso wake ukajaa kioo chote, barakoa kidevuni.

"Huyu ndiye mkubwa? Jina lako nani?"

"Etabo."

"Mimi nitakuita Kapteni. Njoo nikuonyeshe safari yangu." Akageuza simu kwenye ramani, kidole kinene kikatembea. "Hapa tunalala. Hapa tunakula pweza. Hapa," kidole kikatulia, "hapa naruka majini. Hata kama nina miaka mia, naruka. Unajua kuogelea, Kapteni?"

Kwetu mtoto hamjibu mtu mzima "hapana". Unasema "ndiyo, mzee", halafu unakwenda kutafuta namna ya kuifanya iwe kweli.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

"Vizuri! Tutaogelea wote, basi."

Nyuma yake mama alikuwa akimenya viazi. Aliinua macho, akanitazama, akatabasamu kidogo na kuendelea na viazi vyake. Nilidhani anaona fahari. Au nilidhani anajua kuwa naongopa. Nilibadilisha tafsiri ya tabasamu lile kila usiku kwa wiki nzima.

Alasiri ileile nilitafuta video. Mabwawa yote yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo nililaza tumbo juu ya kigoda cha plastiki sebuleni na kumfuata mwalimu mwenye kofia nyekundu. Mkono wa kulia, wa kushoto, pumua. Nilikuwa na daftari la safu nne: mikono, miguu, pumzi, makosa. Pumzi nilifanyia mazoezi kwenye beseni la kufulia. Nilirudia mpaka tumbo likapata alama ya duara la kigoda.

Riziki, aliyekuwa na miaka tisa, aliacha hesabu zake kuja kunitazama. Yeye huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, hata leo.

"Unafanana na mjusi aliyekanyagwa," alisema.

"Rudi darasani kwako."

"Mjusi angalau anasogea."

Nilimhonga biskuti asimwambie mama. Si kwamba mama angenikataza kulala juu ya kigoda. Ni kwamba niliamini mama anaogopa maji. Ushahidi nilikuwa nao. Kila tulipopita kando ya bwawa la kuogelea tukitoka sokoni, ule upande wenye vioo vikubwa na harufu ya klorini, mama aliharakisha mwendo na kugeuzia uso barabarani. Tulipokwenda ufukweni na watu wa kanisa, kabla ya korona, alikaa juu ya mkeka akiupa mgongo mwambao, akigawa wali. Nilimuuliza mara moja kwa nini haji kugusa maji. Akasema, "Maji ile, ukiianza hauwezi kuiacha." Nikaelewa kwamba ni hatari.

Majira ya machipuko yalipofika, masharti yakalegezwa. Mipaka ya nje ilikuwa bado na mashaka mengi, na miguu ya Mzee Ante haikuwa na subira. Marija akaja na wazo: atakodi katamarani hapahapa Sydney, siku moja, wao wawili na sisi watatu. Baba yake ataibatiza bandari yote majina ya kwao. Mama alikataa mara mbili kwa adabu, ya tatu akakubali.

Fomu ya boti ilikuja kwenye simu ya mama. Alikuwa anasonga ugali.

"Papa," aliniita, maana kwetu mtoto wa kiume huitwa hivyo na mama yake, "ujaze iyo karatasi ya Marija. Mikono yangu iko na unga."

Jina. Mzio wa chakula. Halafu swali la kuogelea, lenye visanduku vitatu kwa kila mtu: hawezi, kidogo, vizuri. Riziki: hawezi. Mama: hawezi. Sikusita hata sekunde moja. Kwenye jina langu nilikaa mpaka ugali ukaiva. Nilifikiria daftari langu la safu nne, ambalo safu ya makosa ilikuwa tupu kwa siku tisa mfululizo. Nikaweka alama kwenye "vizuri". Mama alipangusa kidole, akatia sahihi bila kusoma.

Tulikwenda kwa treni hadi mjini, tukiwa na barakoa, mama na kitenge chake cha kijani na kapu la sambusa. Boti ilikuwa kubwa kuliko flati yetu: matumbo mawili meupe, na mbele, kati ya pua zake, wavu uliotandazwa ambapo mtu analala akiona maji yakipita chini yake. Riziki aliulalia wavu ule na hakutoka. Nahodha alikuwa mwanamke mwenye pua iliyopakwa dawa nyeupe ya jua. Alisoma fomu kwenye simu yake, akamvalisha mama jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, akalifunga mpaka kidevuni, akampigapiga begani kama mtoto. "Usiogope," alimwambia. Mama akasema asante.

Mzee Ante alikaa nyuma amevaa kofia, mkono juu ya goti langu. Kila tulipopita ghuba aliinyooshea kidole na kuipa jina la kisiwa cha kwao. "Hii Hvar. Ile kule Korčula, usiangalie nyumba zao, angalia mwamba." Marija, mkono wake mmoja ukiwa umefungwa plasta ya mfupa baada ya kuanguka kazini, alicheka: "Baba, ile ni shule ya mashua." "Shule ya mashua ya Korčula," akasema mzee. Mama naye alicheka ndani ya jaketi lake. Nikaona kwamba anayatazama maji, moja kwa moja, bila kugeuka, na vidole vyake vimeshika ukingo kwa nguvu. Nikamhurumia kwa woga wake.

Tulitia nanga karibu na Manly, kwenye ghuba ndogo isiyo na barabara. Maji yalikuwa ya kijani kama chupa, unaona mchanga chini. Nahodha akaeleza sheria: nyuma ya boti kuna kamba ndefu yenye boya mwishoni, tusivuke boya, na hakuna anayeingia peke yake. Ni wawili wawili. Marija na plasta yake hakuweza. Nahodha hakuruhusiwa kuacha boti. Akaangalia tena simu yake.

"Etabo, wewe unaogelea vizuri. Utakuwa na babu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno lilikuwa moja na nilikuwa nalijua kwa lugha tatu. Lakini Mzee Ante alikuwa tayari ameshavua shati. Kifua chake kilikuwa cheupe kama mkate, mkanda wa kuelea umefungwa kiunoni, na ananitazama kama mtoto anayetazama mlango wa duka la pipi. Nikaona nikisema hapana, anavaa shati lake tena.

"Ndiyo," nikasema.

Alishuka ngazi polepole, akajiachia, akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima mwingine yeyote, kitu kati ya kicheko na kilio. Alielea. "Kapteni! Ni kama supu! Njoo!"

Nilishuka. Niliweka mikono kama mwalimu wa kofia nyekundu. Nikaachia ngazi.

Zulia halikuwahi kunionya kwamba maji hayana chini. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri, wa kushoto ukakosa cha kushika, na nilipogeuza uso kupumua, pale palipopaswa kuwa na hewa palikuwa na bahari. Nilikunywa. Nikapiga miguu, nikazama zaidi. Nikaona mwanga wa kijani juu yangu, nikaona miguu miwili myeupe, nikaishika. Nikapanda. Nilimpanda mzee wa watu kama ngazi, nikamkumbatia shingo kwa mikono yote miwili, na nikamsikia akikohoa maji sikioni mwangu, na sikumwachia. Hili ndilo ninalolikiri kwa shida kuliko yote. Nilijua ni nani niliyemshika, nilijua namzamisha, na sikumwachia.

Nilisikia zipu. Halafu mshindo mmoja, mdogo, wa kitu kinachoingia majini bila fujo.

Mkono ulipita chini ya kwapa langu kutoka nyuma, na vidole vyangu vikabanduliwa shingoni mwa mzee kimoja kimoja, kwa nguvu niliyozoea kuiona kwenye kusonga ugali. "Papa," sauti ikasema karibu kabisa na sikio, bila haraka, "lala. Lala chali kama kwenye kitanda yako. Minakushika." Nikalala. Juu yangu kulikuwa na mbingu na kidevu cha mama. Alikuwa akisogea chini yangu kwa miguu tu, kimya, kama kitu kinachovutwa na kamba. Alinifikisha ngazini, nahodha akanivuta kwa mikono ya shati. Mama alikuwa ameshageuka. Kitenge kilimfuata majini kama mkia wa kijani. Alimfikia Mzee Ante, ambaye mkanda ulikuwa umemshikilia, akamwekea kiganja mgongoni.

"Pumua, Mzee. Unataka kutoka?"

Mzee alikohoa, akatema maji.

"Feza," akasema, akimwita mama kwa jina lake, "wewe ni samaki."

"Iko ziwa kwetu, Mzee."

"Basi sitoki."

Na hawakutoka. Nilikaa nimefungwa taulo, meno yakigongana, nikawatazama wakienda pamoja hadi kwenye boya, mzee akipiga mikono yake mizito ya uashi, mama ubavuni mwake, kichwa chake tu juu ya maji, kilemba kimelowa. Kwenye boya walipumzika. Sauti ya mzee ilitufikia huku akielekeza kwa kidole ufukweni: pale nyumba ya mama yake, pale mti wa tini, pale ngazi za mawe. Mama aliitikia kila kitu: "Ndiyo, naiona." Waliporudi nusu ya njia, mama alimwomba Marija kwa ishara amtazame baba yake aliyeshika kamba, kisha akazama. Alipotea mpaka Riziki akasimama juu ya wavu na kuita, "Mama!", na alipoibuka alikuwa mbali, upande wa pili wa boti, akiwa na mchanga kiganjani. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona mama akicheka bila kuziba mdomo.

Alipopanda, kitenge kikimwaga maji, nahodha alikuwa amesimama na simu yake.

"Hapa imeandikwa huwezi kuogelea."

Mama alinigeukia. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Uliuliza nani?"

Nilivuta taulo hadi kidevuni.

"Na yako uliandika je?"

"Vizuri."

Riziki, ambaye biskuti zilikuwa zimeisha zamani, alisema kwa Kiingereza, "Alijifunza juu ya kigoda." Nilingoja kofi, au angalau kicheko. Mama alikaa chini kando yangu, akanyonga pindo la kitenge, akasema taratibu, "Mi niko kwa nyumba moja na wewe miaka yote. Haukuniuliza hata siku moja."

Nilikwenda kwa Mzee Ante nikapiga magoti, kama tulivyofundishwa kuomba radhi. Marija alishtuka, hakujua magoti yale ni ya nini. Nikasema niliongopa, sijui kuogelea, na nilimshika shingo nikijua. Mzee alikuwa anakula sambusa.

"Nilijua kwenye ngazi," alisema. "Ulitazama maji kama unatazama mtihani. Lakini nami nilitaka sana kuingia, nikanyamaza. Tugawane hiyo dhambi, Kapteni. Lete nyingine." Alimaanisha sambusa.

Kwenye treni ya kurudi Riziki alilala. Mama alikuwa amevaa suruali ya michezo ya Marija, na harufu ya chumvi ilimtoka kichwani. Nikamuuliza, kwa Kiswahili changu kibovu cha wakati ule, kwa nini alikuwa anageuza uso pale kwenye bwawa.

"Mutu mwenye njaa akipita kwa mlango ya mukate, anaangalia wapi?" alisema. Halafu, baada ya stesheni mbili, akaendelea. Kwao Baraka, mji wa kando ya ziwa, walijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Wasichana walifua nguo asubuhi, halafu ziwa likawa lao. Katika kambi ya wakimbizi maji yalikuwa ya foleni na dumu. Huku, watu waliingia bwawani na nguo ambazo yeye asingevaa mbele ya watu wa kanisa, na fomu za bwawa zilikuwa nyingi. "Na siku ile kwa simu, uliposema unajua, nilifurahi. Nilisema, ah, shule ya huku inafundisha kila kitu. Nilikuwa nangoja uniambie twende."

Ndilo lile tabasamu. Lilikuwa mwaliko, nami nilikuwa nimelitafsiri kwa namna zote isipokuwa hiyo.

Kiswahili hiki nimejifundisha baadaye, kwa Biblia ya mama na kamusi isiyo na jalada, nikiandika na kufuta kama kawaida yangu. Lakini kabla ya kukuonyesha wewe nilimsomea yeye kwanza, yote, tukiwa jikoni, ramani ya Mzee Ante ikiwa ukutani kwetu sasa. Alinisahihisha mahali pamoja: zipu ya jaketi ilikwama, akalivua kwa kichwani. Nikamwambia nilisikia zipu. Akasema nilisikia ikikwama. Nimeiacha ilivyo hapo juu, kwa sababu ndivyo nilivyosikia, lakini nimemuuliza.

Siku hizi fomu za mama bado nazijaza mimi, na kila kisanduku namsomea kabla ya kuweka alama. Naogelea pia, si vizuri, kidogo. Aliyenifundisha ni mama.